Gome, Jani na Kinini: Dawa za Miti na Suala la Kipimo

Neno dawa, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, halijui mpaka kati ya hospitali na msitu. Majani yanayotwangwa na bibi uani, sindano ya muuguzi, sumu ya panya, hirizi inayofungwa mkononi mwa mtoto mchanga: vyote huitwa dawa. Ilipohitajika kutofautisha, wasemaji hawakuunda neno jipya, bali waliongeza maelezo tu: dawa ya kizungu, dawa ya kienyeji, dawa ya miti. Kwa upande wa watu mambo yalikwenda vingine. Mjini Lubumbashi, munganga ni daktari au muuguzi wa hospitali, na yule anayetibu kwa mizizi na kuagua huitwa mufumu. Mjini Dar es Salaam mganga akitajwa peke yake hudhaniwa kwanza kuwa ni wa kienyeji, ingawa serikali humwita daktari wa wilaya mganga mkuu. Neno moja limepita njia mbili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa dawa ya kienyeji na dawa ya kizungu, jinsi unavyosemwa kila siku, unaficha jambo lenyewe. Hautenganishi mmea na kisicho mmea, kwa kuwa dawa mbili zilizookoa wagonjwa wengi sana wa malaria zimetoka katika gome na katika jani. Kinachotenganisha ni kipimo: ni nani anayejua kiasi, anakijuaje, na kiasi hicho kinaweza kusafiri umbali gani bila kupotea.

Safari ya kinini

Katika Kiswahili cha Kivu, kidonge chochote, hata cha kichwa au cha tumbo, huitwa kinini. Asili ya neno hili ni Kifaransa, quinine, ambalo nalo kwa kawaida huelezwa kuwa limetoka katika neno la Kiquechua lenye maana ya gome. Wasemaji waliposikia silabi ya kwanza, ki-, waliichukua kuwa kiambishi cha ngeli, kama ilivyotokea kwa kitabu, wakaunda wingi wake: binini. Hivyo jina la gome la mti wa milima ya Andes limekuwa jina la kila kidonge katika duka la dawa, na katika Kinyarwanda na Kirundi pia, ikinini na ibinini. Ni vigumu kupata ushahidi wa kiisimu ulio wazi kuliko huu kwamba dawa ya kizungu ilianza kama dawa ya miti.

Gome lenyewe, la mti wa jenasi ya Cinchona, lilifika Ulaya katika karne ya 17 kwa mikono ya Wajesuiti. Kwa muda wa miaka zaidi ya 150 lilitumika kama unga uliochanganywa na divai, na matokeo yake yalikuwa ya kubahatisha. Mgonjwa mmoja alipona, mwingine hakupata nafuu yoyote, wa tatu alivumiwa na masikio hata asisikie tena vizuri. Sababu haikuwa siri kubwa. Magome hayalingani. Mnamo 1820 Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou walitenga kwinini mjini Paris, na tangu hapo ikawezekana kupima dawa badala ya kupima unga wa gome. Ndipo ilipoonekana jinsi miti inavyotofautiana. Mbegu ambazo Charles Ledger aliwauzia Waholanzi mwaka 1865, zilizokusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, zilitoa Java miti ambayo gome lake liliweza kuwa na kwinini zaidi ya asilimia 10, ilhali miti mingine ilikuwa na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vipande viwili vya gome vyenye uzito mmoja na rangi moja vinaweza basi kuwa dawa mbili tofauti kabisa.

Kongo iliingia katika historia hii kwa sababu ya milima yake. Nyanda za juu za Kivu zina mvua na baridi ipendwayo na mti huo, na mashamba yake yalienea huko kuanzia miaka ya 1930. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, soko la dunia lilipoteza chanzo chake kikuu, na gome la Kivu likapanda thamani. Katika miaka hiyo ya 1940 mjini Bukavu ulianzishwa utengenezaji wa kwinini uliokuja kujulikana kwa jina la Pharmakina. Wakulima waliobandua magome hayo waliona kwa macho yao kitu ambacho wanafunzi wengi wa udaktari hukisoma tu vitabuni: mti ukiingia upande mmoja wa kiwanda na kinini kikitoka upande wa pili.

Vipimo vya mkono

Yafaa kuepuka kosa la kufikiri kwamba waganga wa miti hawana vipimo. Wanavyo, na ni vingi. Ukufi mmoja wa majani, konzi mbili, gome la urefu wa kiganja, maji hadi yapungue nusu. Mzizi wa mti mchanga, si wa mzee. Asubuhi kabla ya kula. Mtoto anyweshwe kwa kijiko, mama yake kwa kikombe. Kila moja ya maagizo hayo ni jibu la swali la kiasi. Lakini vipimo hivyo hukaa katika mkono wa mtu anayeufahamu mti fulani, wa kilima fulani, kwa mgonjwa anayemjua.

Mmea uitwao mubirizi huko Kivu, Vernonia amygdalina, ni mfano mzuri. Uchungu wa majani yake unajulikana na kila mtoto aliyewahi kuumwa tumbo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, Watongwe huuita mjonso. Huko, mwaka 1987, Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja matawi machanga ya mmea huo, akitupa majani na maganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake. Kalunde ndiye aliyetambua kwamba huo ni mti wa dawa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha baadaye kwamba majani na maganda yana kwa wingi kemikali yenye sumu ambayo katika kiini ni kidogo. Mnyama alikuwa anachagua sehemu, na kuchagua sehemu ni namna ya kupima.

Tatizo huanza pale dawa inapoacha mkono na kwenda sokoni. Katika masoko ya mijini mwetu magome hulala juu ya mkeka yakiwa yameshakatwa, bila jani wala ua la kuyatambulisha. Muuzaji aliyanunua kwa mwingine, naye kwa mwingine. Jina limefika na sifa zimefika, pengine zimeongezeka njiani. Kipimo kimebaki kijijini. Ni haki kusema kwamba dawa ya namna hii si ya jadi tena, ijapokuwa inauzwa kwa jina la jadi, wala si ya kisasa.

Jani la Wachina

Jani la pili kubwa la malaria ni qinghao, yaani Artemisia annua. Tabibu Ge Hong wa China, katika karne ya 4, aliagiza lilowekwe katika maji, likamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu Youyou na wenzake, waliokuwa wakitafuta dawa mpya ya malaria mjini Beijing, walikuwa wakishindwa kila walipotumia joto. Aliposoma upya agizo hilo la kale aliona kwamba halitaji kuchemsha, akabadili njia, akatumia etha kwa joto la chini, na mwaka 1971 akapata dondoo lililoua vimelea. Mwaka uliofuata artemisinini ikatengwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa jadi husahau etha, na wanaosimulia kama ushindi wa maabara humsahau Ge Hong.

Nchini Kongo, ambayo pamoja na Nigeria hubeba mzigo mkubwa kuliko nchi zote wa malaria duniani, chai ya artemisia imepata watetezi wengi, na hoja yao haidharauliki: jani hupandwa nyuma ya nyumba, kidonge hununuliwa kwa fedha, na mara nyingi hakipo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika msimamo wake wa mwaka 2019, lilikataa kuunga mkono matumizi ya mmea huo kwa namna isiyo ya kidawa. Artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji. Kiasi chake hutofautiana kutoka bustani moja hadi nyingine. Na dawa isiyotosha huacha vimelea vilivyo hai vikizoea. Hofu hii ya mwisho si ya kinadharia kwa wakazi wa Kivu. Dalili za vimelea kuistahimili artemisinini kwa kiasi zilithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, ingawa chanzo chake hakikuhusishwa na chai. Tena kuna mkanganyiko wa jina: Artemisia afra, mmea wa asili wa milima ya Afrika, huitwa artemisia vilevile, nao hauna artemisinini ya kutosha kuhesabika.

Saa za mtoto mwenye homa

Kwa mtu mzima aliyezaliwa na kukulia penye malaria, kikombe cha majani machungu huenda kisimdhuru. Kwa mtoto wa miaka miwili hesabu ni nyingine. Malaria kali huweza kumuua kwa muda wa siku moja au mbili, na hata kwinini, mfalme wa zamani, imepitwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa sindano za kwinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesunati asilimia 8.5. Artesunati hutengenezwa kutokana na lile lile jani la Wachina. Mama anayempa mwanawe chai na mama anayemkimbiza zahanati wamelielekea jani moja, lakini mmoja wao amepoteza saa ambazo hazirudi.

Si mama peke yake anayeamua. John Janzen, aliyeandika mwaka 1978 kuhusu Kongo ya Chini, alieleza jinsi ukoo unavyokaa na kumpeleka mgonjwa hospitalini, kisha kwa nganga, kisha hospitalini tena, bila kuona kinzano lolote. Kinzano huonekana mlangoni mwa zahanati. Muuguzi huuliza, pengine kwa ukali: amekwisha kupewa nini? Bibi, akihofia kukemewa, hujibu kwamba hakupewa kitu. Mtoto aliyeingiziwa maji ya mizizi kwa njia ya haja kubwa, na kuharishwa hadi kukauka, huandikwa kuwa hakutibiwa.

Hapa wanafunzi wa lugha wana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya badala yao. Kamusi nyingi za Kiswahili huueleza mti wa dawa kwa maneno matatu: aina ya mti. Haziandiki jina la kitaalamu, wala jina la jirani kwa mmea ule ule, kama mubirizi na mjonso, wala sehemu inayotumika, wala kama ukufi ni wa majani mabichi au makavu. Muuguzi aliyetumwa Uvira kutoka Kisangani akiambiwa na bibi jina la mti, mara nyingi hana mahali pa kulitafuta.