Mwezi uliojificha pichani miaka tisa

Sayari ya Zohali inasifika kwa pete zake. Pete hizo si kitu kimoja kigumu. Ni vipande vya barafu visivyo na idadi, vingine vidogo kama chembe za mchanga, vingine vikubwa kama nyumba. Lakini katikati yake kuna mwanya wenye upana wa kilometa 325, uitwao mwanya wa Encke, ambao ni kama umefagiliwa. Je, nani mfagiaji?

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Cuzzi na Jeffrey Scargle, walichunguza picha zilizoletwa na vyombo vya Voyager. Waliona kingo za mwanya huo zina mawimbi, wakatambua kwamba lazima humo mna mwezi. Baadaye Mark Showalter alikokotoa mahali unapopaswa kuwa, akazirudia picha za Voyager 2 za mwaka 1981. Mwaka 1990 akaupata. Ukaitwa Pan.

Pan una upana wa kilometa 28 hivi tu, nao huizunguka Zohali kwa muda wa saa 14 hivi. Vipande vilivyo upande wa ndani huenda kasi kuuzidi, na vile vya nje huachwa nyuma. Kila vinapopishana, mvuto wa Pan huvivuruga: vya ndani hupungukiwa nguvu na kusogea ndani zaidi, vya nje huongezewa na kusogea nje. Hivyo njia hubaki wazi.

Machi 2017 chombo cha Cassini kiliupiga picha kwa karibu. Lo! Ulionekana kama andazi lililochomekwa katikati ya chapati. Wanasayansi wanaamini kuwa ukingo huo ni chembe za pete zilizouangukia.

Sasa tujiulize: ingekuwaje kama picha zile za 1981 zingetupwa kwa madai kwamba zimekwisha kutumika? Sisi wa redio tunajua jinsi ilivyokuwa rahisi kufuta mkanda wa zamani ili kunasia kipindi kipya. Kilichofutwa hakirudi. Pan ulikuwa umekwisha kupigwa picha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali sahihi. Naye alipotokea, alizikuta picha zimehifadhiwa. Akiba haiozi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.