Mama mudogo anaenda Lubumbashi peke yake: hesabu tuliyofanya kabla ya safari

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wenzangu wenye lisansi mkononi, leo sileti habari ya mbegu wala ya mbolea. Nataka kueleza namna ya kupanga safari ndefu ya gari wakati mutu anaifanya mara ya kwanza, peke yake, na miaka imekwisha kwenda.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mama mudogo wangu aliniita kwake hapa Kamina. Ana miaka 49. Aliniambia: «Weye ulisoma agronomi, unajua mambo ya udongo na mvua. Nataka kwenda Lubumbashi na pikapu, miye mwenyewe. Nisaidie kupanga.» Binti yake alikuwa azae kule mwezi wa saba, na yeye alitaka kumupelekea mahindi. Tangu zamani bwana wake njo alikuwa anaendesha, lakini sasa macho yake yamechoka. Mama mudogo amejifunza kuendesha, anaendaka shambani na sokoni, basi. Hajalala njiani peke yake hata siku moja. Tulichukua kaye, tukaandika mambo matano.

1. Mwezi wa kuondoka

Huku kwetu mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na inaisha mwezi wa ine. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, ukiwa mukavu, ni mugumu kama tofali. Ukishiba maji, unateleza kama sabuni. Kamiyo inapita, inachimba mifereji miwili, maji yanabaki ndani, na kamiyo inayofuata inachimba zaidi. Njo maana barabara haiponi siku mvua inaposimama: inaomba majuma ya jua. Kwa hiyo tulikataa mwezi wa ine na wa tano. Tulichagua wa sita. Njia imekauka, mahindi pia yamekauka, na moshi wa kuchoma pori haujawa mwingi. Ubaya wake ni baridi ya usiku, basi tukaandika: blanketi mbili.

2. Njia yenyewe

Kamina ni mutoto wa reli. Reli ya kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, ilimalizika 1928, na 1956 ikaongezeka ile ya kwenda Kabalo. Wazee wetu walizoea treni, na mpaka leo wengi wanaijua njia ya Lubumbashi kwa majina ya magare. Barabara ya Taifa namba 1 nayo inatoka Banana kwenye bahari, inapita Kinshasa, Mbuji-Mayi, Kamina, Likasi na Lubumbashi, mpaka Kasumbalesa. Kwenye karta ni mstari mumoja tu. Lakini kutoka hapa mpaka Nguba, pale njia ya Kolwezi inapoingia, kazi ni nyingi. Kisha pale kuna lami.

Tuliuliza mashofa watatu wa kamiyo, kila mumoja kwa saa yake. Walipokubaliana, tuliandika. Walipotofautiana, tulichukua jibu baya zaidi.

3. Mazutu

Usiamini maneno ya muuzaji wa gari, pima. Tulijaza tanki, akaendesha kilometa 100, tukajaza tena: litre 12. Kwa kilometa 600 ni litre 72. Lakini kwenye mchanga na matope gari inakula zaidi, basi tuliongeza nusu: litre 108. Tanki yake inabeba 75. Kwa hiyo bidoni mbili za litre 20, zikafika 115.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1888, kule Ujerumani, Bertha Benz, mama wa miaka 39, alichukua gari iliyotengenezwa na bwana wake, bila kumuambia, akaenda na vijana wake wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, zaidi ya kilometa 100. Hakukuwa na kituo cha esanse popote. Alinunua mafuta yake kwenye duka la dawa, mu Wiesloch. Mutu wa kwanza wa safari ndefu alikuwa na swali lilelile: nitajaza wapi?

Tukaongeza mipira miwili ya akiba, pompi, kriki, jembe, panga na mbao mbili. Na sharti moja: abadilishe mupira kwa mikono yake, mbele yangu, mara tatu. Mara ya kwanza ilimuchukua saa moja na nusu.

4. Makaratasi na maneno ya familia

Kadi ya uchaguzi, permi, karti roze, asiransi, na fotokopi za yote kwenye mufuko mwingine.

Shemeji yake mumoja alisema bibi hawezi kusafiri bila karatasi ya bwana. Nilimueleza kwa heshima. Katiba ya 2006, kwenye artikle 30, inampa kila mutu haki ya kutembea mu inchi. Kodi ya Familia ya 1987 ndiyo ilidai ruhusa ya bwana, lakini kwa mikataba ya sheria, na sheria ya 2016 ikabadilisha hilo: sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana. Bwana mwenyewe alikuwa amekaa pale. Akasema: «Tumekwisha kupatana.» Mazungumzo yakaisha.

5. Watu, na saa ya kurudi

Kusafiri peke yake si kusafiri bila watu. Kwa kila kituo tuliandika mutu mumoja: mama wa kanisa, mukubwa wa depo, rafiki wa bwana wake. Kila magaribi, kabla giza, anapiga simu. Reso ikikosa, tunangojea mpaka saa ine ya asubuhi, kisha tunauliza mashofa wanaotoka upande ule.

Mustari wa mwisho wa kaye ulikuwa huu: kama saa sita ya mchana imefika na hajafika kituo cha kwanza, anageuza gari. Hesabu ni nyepesi. Anaondoka saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa hiyo saa sita ya mchana yuko mbali na nyumba kwa saa sita tu, na jua liko na saa sita limebakia.

Aliondoka siku ya pili ya juma. Kwenye mto mudogo, kamiyo ilikuwa imelala katikati ya njia. Alingojea. Saa sita ikafika, akageuza. Saa kumi na moja alikuwa nyumbani, na majirani wakacheka: «Lubumbashi imekuwa karibu sana leo!» Mimi mwenyewe nilisikia haya kwa ajili yake. Yeye akasema: «Gari iko, mazutu iko, mahindi iko. Kilichopotea ni siku moja.»

Kisha siku mbili akaondoka tena. Alilala njiani mara mbili. Siku ya tatu tulipata sauti yake kutoka Likasi: lami ni nzuri, lakini inaleta usingizi, amesimama kunywa chai. Magaribi alikuwa Lubumbashi, na mwezi wa saba alimubeba mujukuu.

Sisi wa agronomi tunafundishwa kuandika siku ya kupanda. Mukulima muzuri anajua pia siku ambayo, kama mvua imechelewa mpaka pale, hapandi tena mahindi. Mama mudogo aliiandika yake kabla ya kuwasha gari, njo maana kurudi hakukumuumiza. Mwenye kupanga safari mwaka huu, yeye au muzazi wake, aanze na mustari ule.