Misuli ya Punda na Mkono wa Mkandaji

Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa motokaa, mchanga, mawe ya kujengea na magunia ya vyakula huchukuliwa na punda. Jioni mwenye punda anapomtua mnyama wake mzigo, aghalabu humpapasa shingoni na mgongoni, na pengine humsugua kwa nguvu pale anapodhani pana uchovu. Tendo hilo ni la wema. Lakini mkono usiojua kilichopo chini ya ngozi hauwezi kupambanua msuli uliochoka na mfupa ulioumia, na huweza kuzidisha maumivu ukidhani unayaondoa.

Makala hii imekusudiwa wale wanaoanza kujifunza ukandaji wa wanyama wa kazi. Tumemchagua punda kwa sababu ni mnyama wa kwetu hasa: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kwamba alianza kufugwa Afrika ya Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Tena punda ni hodari wa kuficha maumivu. Farasi huonyesha mapema kwamba anaumia. Punda husimama kimya, na mtu humwita mkaidi. Mengi tutakayoeleza yamhusu farasi pia, maana wanyama hawa ni wa jamii moja.

Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba za nyama, zilizofungwa pamoja katika matita madogo, na matita hayo yakafungwa tena ndani ya utando mmoja. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba msuli huvuta tu, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo kila msuli unaokunja kiungo hauna budi kuwa na mwenzake wa kukikunjua. Mwisho wa msuli ulioshikamana na mfupa usiosogea huitwa chanzo, na ule ulioshikamana na mfupa unaosogezwa huitwa kikomo. Aghalabu msuli hauufikii mfupa wenyewe, bali huishia katika ukano, yaani kamba nyeupe, ngumu, isiyonyumbuka sana. Kamba nyingine zinazofunga mfupa kwa mfupa huitwa ligamenti. Mwanafunzi anayejua chanzo na kikomo cha msuli hahitaji kukariri kazi yake: avute kikomo kuelekea chanzo akilini mwake, naye ataona ni kiungo gani kitakachosogea.

Majina ya misuli yanatisha kwa sababu ni ya Kilatini. Hiyo ndiyo lugha iliyotumiwa na wataalamu wa Ulaya waliopasua miili na kuieleza. Carlo Ruini wa Bologna, Italia, alichapisha kitabu juu ya mwili wa farasi mwaka 1598. Mchoraji wa Kiingereza George Stubbs alichapisha michoro yake mashuhuri mwaka 1766, baada ya kuchuna na kupasua farasi kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1968 orodha ya kwanza ya kimataifa ya majina ya viungo vya wanyama wafugwao ilitolewa, ili daktari wa mifugo wa nchi moja aelewane na mwenzake wa nchi nyingine.

Ukiyafungua majina hayo utaona kwamba ni maelezo ya kawaida tu. Longisimo maana yake ni mrefu kupita yote. Latisimo, mpana kupita yote. Serato, wenye meno kama msumeno. Trisepsi, wenye vichwa vitatu. Hata hivyo, yapasa tuwe na hadhari. Majina mengi yalitolewa kwanza kwa mwili wa binadamu, kisha mnyama akavishwa nguo isiyomkaa sawasawa. Bisepsi ya mkono maana yake ni msuli wa vichwa viwili, na kwa binadamu ndivyo ulivyo; bali kwa punda na farasi msuli huo una kichwa kimoja tu. Gluteo ya kati, iliyo kwenye matako, kwa jina ni wa katikati, lakini kwa wanyama hawa ndiyo kubwa na yenye nguvu kuliko gluteo zote. Jina litakuonyesha njia, lakini ni vidole vyako vitakavyokuhakikishia.

Sasa jipapase chini ya shingo yako, upande wa kulia au wa kushoto. Utaugusa mtulinga, mfupa mwembamba unaounganisha kidari na bega. Punda hana mfupa huo. Mguu wake wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mifupa. Umeshikwa kwa misuli mitupu. Mkubwa wa misuli hiyo ni serato ya chini. Chanzo chake kipo katika mbavu na pingili za shingo, na kikomo chake upande wa ndani wa kombe la bega. Kifua cha mnyama kinaning'inia kati ya makombe mawili kama mtoto aliyebebwa katika mbeleko. Farasi aliyesimama huweka kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake juu ya miguu ya mbele, na mzigo unapoongezwa, mbeleko hiyo ndiyo inayoupokea. Serato imefunikwa na kombe, hivyo mkono hauwezi kuifikia sehemu kubwa yake. Mkandaji huifanyia kazi kwa kuupeleka mguu mbele na nyuma taratibu, huku misuli ikiwa imelegea.

Juu ya kombe kuna trapezi, msuli mwembamba wenye umbo la pembetatu, unaotoka shingoni na mgongoni. Hapo ndipo matandiko mabaya yanapomwumiza punda kwanza, kwenye mwinuko ulio kati ya mabega. Baada yake, pande mbili za uti wa mgongo, imelala longisimo, kuanzia nyonga hadi shingoni. Ukiweka kiganja upande mmoja wa uti utausikia kama mto mgumu kidogo. Msuli huu huunyosha mgongo na kuuzuia usilegee chini ya mzigo. Mkandaji huufuata kwa kiganja kilicho wazi, kutoka mabegani kuelekea nyongani, akikaza polepole. Vidole visikandamize uti wenyewe, kwa sababu ncha za pingili zipo karibu sana na ngozi, na punda aliyekonda hana mafuta ya kuzikinga. Msuli ukishtuka na kukaza kila unapoguswa mahali pamoja, chunguza matandiko kabla ya kuendelea kukanda. Hakuna ukandaji utakaoshinda tandiko linalorudishwa palepale kesho yake asubuhi.

Mwinuko huo wa mabega una jambo jingine la kupendeza. Punda na farasi hukunana wao kwa wao kwa meno mahali hapo, hasa kwenye shina la shingo. Mwaka 1993 watafiti wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya farasi wa Camargue, Ufaransa: farasi alipokunwa na mtu pale anapopendelea, mapigo ya moyo wake yalipungua; kumkuna mahali pasipopendelewa hakukuleta matokeo hayo. Basi mkandaji mwenye busara huanzia hapo, ili apate ruhusa ya mnyama.

Misuli ya nyuma ndiyo mashine ya kusukuma gari. Gluteo ya kati huunyosha mguu kwenye nyonga, nayo imetoa ulimi unaolala juu ya longisimo; ndiyo sababu maumivu ya kiuno na ya matako huandamana. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu mirefu inayoshuka kuelekea goti, nayo hukaza sana kwa punda wa kuvuta mkokoteni. Hapa nyama ni nene, na mkono unaweza kutia nguvu zaidi.

Hali hubadilika kabisa tukishuka mguuni. Kile tunachokiita goti la mguu wa mbele, kwa kweli ni kifundo cha mkono, na punda anatembea juu ya ncha ya kidole kimoja. Chini ya hapo karibu hakuna nyama. Nyuma ya mfupa zinapita kano mbili za kukunja, moja juu ya nyingine, na mbele yake ligamenti inayoushikilia mguu. Wanafunzi wengi huzisugua kano hizi kana kwamba ni misuli migumu inayotaka kulainishwa. Ukano mzima hupaswa kuwa mgumu. Ukiona umevimba, una joto, au mnyama anauvuta mguu, usikande. Mwite daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kwa jeraha, homa, au ukakamavu wa ghafula baada ya kazi nzito pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia, ambao ni dalili kwamba misuli inaharibika.

Tumeacha kwa makusudi msuli wa maseta, ulio shavuni, unaotafuna. Ugonjwa ambao Waswahili waliuita pepopunda huonekana mapema hapo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, huingia kwa jeraha la kwato au la tandiko, na sumu yake hushambulia neva zinazoiamuru misuli ilegee. Taya hukaza, masikio husimama wima, mkia huinuka, na utando mweupe hulifunika jicho kutoka pembeni. Mtu asiyejua atadhani ni uchovu, ataanza kukanda. Hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa mguso na kelele huzidisha mikazo. Mweke mnyama mahali penye giza na kimya, usimshike bila sababu, na daktari wa mifugo aitwe saa ileile.