Uwanda Unaokunywa Mvua Yake

Mvua kubwa ikikatika Newala saa nane mchana, saa tisa unapita katikati ya mikorosho na ndala zako na huoni tope. Hakuna dimbwi wala kijito. Mchanga mwekundu umekwisha kunywa maji yote, umebaki na vitobo vidogo vya matone chini ya majani. Mgeni aliyekulia kwenye udongo wa mfinyanzi huuliza maji yamekwenda wapi, na swali lake ni zuri kuliko lile tulilolizoea, la kwa nini Newala haina maji.

Newala ina maji. Uwanda wa Makonde, ulipo mji huu, hupata karibu milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida, wakati Dodoma hupata kama 600. Shida ni kwamba huko juu hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua inashuka wima, inapita mchangani, inaingia kwenye tabaka nene za mwamba wa mchanga na kukaa humo. Wengi hudhani chini kuna ziwa, au mto unaopita gizani. Sivyo. Jaza ndoo mchanga, kisha mimina maji mpaka yatokeze juu: ndoo imejaa mchanga, na bado imepokea maji. Sasa itoboe pembeni, karibu na kitako. Maji yatachuruzika polepole kwa muda mrefu, hata baada ya wewe kuacha kumimina. Kitobo hicho ndicho chemchemi. Chemchemi za Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, ni vitobo vya namna hiyo, na vivyo hivyo zile za mabonde yanayoelekea Ruvuma. Visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ambavyo vimebeba Newala na Tandahimba kwa miaka mingi, ni vitobo tulivyotoboa wenyewe na kuvifungia pampu.

Shuka uelekee Masasi na habari inageuka. Ile milima ya mawe inayouzunguka mji, inayopendwa na wapiga picha, ni vichwa vya mwamba mkongwe usiopitisha maji. Humo maji hukaa kwenye nyufa tu, na kwenye ngozi ya juu iliyomung'unyika kwa miaka mingi sana. Mchimbaji anaweza kupata kisima kizuri uani kwa mtu, akahama mita hamsini na kutoka na vumbi tupu, na mwenye nyumba wa pili akaamini kuwa amerogwa. Ndiyo sababu mji wa Masasi umetegemea chemchemi za Mbwinji, na hauzitegemei peke yake: chanzo hicho hicho kinanywesha Nachingwea, iliyo mkoa wa Lindi. Mikoa miwili, chanzo kimoja, mamlaka moja ya maji.

Basi kwa nini watu wakakaa juu, mbali na maji? Wazee wa Kimakonde wana hadithi ya asili yao: watoto walizaliwa wakiwa wafu bondeni karibu na mto, na mtoto wa kwanza kuishi alizaliwa uwandani. Bondeni kulikuwa na maradhi, na baadaye kulikuwa na wateka watumwa na wavamizi pia. Kichaka kizito cha uwandani kilikuwa boma. Gharama ya boma hilo ililipwa na wanawake. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta wakishuka ukingoni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani.

Gharama hiyo haijafutika, imehamia kwenye mita ya umeme. Chukua mfano wa kuyapandisha maji mita 400. Lita 1,000, yaani madebe 50, zinahitaji uniti moja ya umeme na kidogo juu yake, kama pampu na bomba visingepoteza chochote. Pampu hupoteza, na bomba refu hupoteza, kwa hiyo hesabu ya kweli iko karibu na uniti mbili. Bomba likivuja njiani theluthi moja, hukupoteza maji tu; umelipia umeme wa kuyapandisha kisha ukayarudisha mchangani. Mtu anayesema bili ya Newala ilingane na ya mji wenye mto mlangoni anadai jambo la haki, ila aseme pia nani atalipa tofauti.

Swali hilo ni la zamani. Tayari miaka ya 1950 lilikuwapo Shirika la Maji la Makonde, likipandisha maji kutoka bondeni na kuyauza vituoni. Baada ya Uhuru serikali ikachukua mzigo, na mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumbani. Wafini wakaja Mtwara na Lindi na mpango mkubwa wa maji na pampu za mkono za Nira, ambazo wazee wanazikumbuka hadi leo. Kisha dizeli ikaadimika, vipuri vikakosekana, na sera ya mwaka 1991 ikarudisha uchangiaji. Uwandani walikuwa wamekwisha lipa, wakaambiwa ni bure, wakaambiwa walipe tena. Nikisikia wataalamu wakilalamika kwamba wananchi wa huku hawana utamaduni wa kulipia maji, huwa nacheka kidogo.

Sasa kuna fedha mpya. Uwanda wa Makonde umo katika mradi wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022. Pampu zenye nguvu zaidi ni neema. Lakini pampu haiumbi maji. Ukivuta kwa nguvu, usawa wa maji kukizunguka kisima hushuka kama mchanga unavyobonyea ukichotwa katikati ya lundo, na bonyeo hilo hutanuka mpaka kwenye kisima cha jirani, au kwenye chemchemi iliyomlisha mtu aliye chini ambaye hajui hata kama kuna pampu. Wa mwisho katika foleni hiyo ni mto. Ruvuma huanzia Matagoro, karibu na Songea, na Lugenda ya Msumbiji huuongezea maji mengi. Lakini mwezi wa Oktoba, wakati hakuna tone lililonyesha tangu Mei, kila kinachopita pale kimetoka ardhini, na kingo za Makonde zina fungu lao humo. Tanzania na Msumbiji zilikubaliana mwaka 2006 kuunda tume ya pamoja ya maji ya mto huo. Mkataba unazungumzia mto. Mchanga unaoulisha haujavutia wanadiplomasia wengi.

Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji imeweka mpangilio mzuri: mahitaji ya binadamu kwanza, kisha mazingira, kisha uzalishaji; na mwenye kisima kirefu aombe kibali kwa bodi ya bonde, ambayo kwa huku ni ile ya Ruvuma na Pwani ya Kusini. Udhaifu hauko kwenye karatasi. Kibali huandikwa kiasi cha kuvuta, na kiasi hicho ni bahati nasibu kama hakuna anayepima maji yanavyopanda na kushuka. Kupima si kazi ya ajabu. Unafungua kifuniko cha kisima cha uangalizi, unateremsha utepe wenye kitambuzi mwishoni, kikigusa maji kifaa kinalia, unasoma mita na sentimita, unaandika tarehe. Utepe huo ni rahisi mno ukilinganisha na kuchimba kisima. Nimekuta mahali ambapo daftari la vipimo liliishia katikati ya ukurasa, kwa sababu mpimaji alistaafu na utepe ukafungiwa kabatini.

Na kuna maji ambayo hayahitaji kupandishwa. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 900, na tukiacha sehemu moja ya tano ipotee, hutoa lita 36,000. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 180 za kiangazi wanahitaji 21,600. Kinachokosekana si mvua wala bati. Ni shimo lililosakafiwa kwa saruji, mita tatu kwa tatu na kina cha mita mbili na nusu, lenye mfuniko mzuri na lililo mbali na choo. Wapo uwandani walio na mashimo ya namna hiyo, na kiangazi huwauzia majirani maji. Kuchimba shimo hilo ni kazi ya jasho, na saruji ni ghali kwa mkulima anayesubiri malipo ya korosho. Lakini ruzuku inayomezwa na umeme wa kupandisha maji ingeweza kununua mifuko mingapi? Hesabu hiyo ningependa kuiona mezani kabla ya pampu ya ziada.

Anayetaka kujua kama mashimo hayo yanapunguza mzigo asiulize ofisini. Aende Mitema mwezi wa Oktoba, alfajiri, pampu zikiwa zimepumzika, na ateremshe utepe.