Chama Kikitoka Madarakani, Nani Hushika Usukani?

Mtangawanda, gati la Kisiwa cha Pate ambako boti kutoka Lamu hushusha abiria na mizigo, liko katika eneobunge la Lamu Mashariki. Mwaka 2022 eneo hilo lilimchagua Ruweida Obo kwa tiketi ya Jubilee. Uchaguzi huohuo ndio uliokitoa chama chake madarakani.

Nani basi akiongoze?

Katiba ya Kenya ya 2010 haina wadhifa wa kiongozi rasmi wa upinzani. Kifungu cha 108 kinamtambua kiongozi wa wachache, lakini yeye kazi yake ni ndani ya Bunge la Taifa. Nje ya hapo, mwenye neno ni kiongozi anayetambuliwa na katiba ya chama chenyewe.

Jubilee ilionja uchungu wa mvutano wa uongozi mwaka 2023. Kundi moja la chama, la Kanini Kega, lilitaka kushirikiana na serikali mpya. La katibu mkuu Jeremiah Kioni likabaki na kiongozi wa chama, rais mstaafu Uhuru Kenyatta. Aprili, Uhuru alifika mwenyewe makao makuu ya chama Nairobi. Mei akaongoza mkutano wa wajumbe.

Mvutano wa namna hiyo humgusa mpiga kura wa Pate moja kwa moja, kwani chama ndicho kinachoweza kumpa au kumnyima mbunge wake nafasi katika kamati za Bunge.