Kula Hispania: treni, basi au gari?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)



Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja mwenye mkahawa wa pilau na samaki hapa mjini. Mpwa wake anaoa Madrid mwezi wa Mei, na ukoo umemchangia tiketi ya ndege. Yeye mwenyewe amedunduliza kwa miaka mitatu ili baada ya harusi abaki Hispania siku tisa. Hataki kutazama majumba ya wafalme. Anataka kula, na kuona wenzetu wanavyopika wali wao, wanavyotengeneza samaki na wanavyokamua zeituni, ili akirudi mkahawa wake uwe na kitu ambacho jirani hana. Swali lake ni hili: atoke mji hadi mji kwa chombo gani? Mpwa kamwambia akodi gari. Shoga yake kamwambia ndege, kwa kuwa za huko ni rahisi. Mwingine kamwambia treni tu.

Ndugu zangu, swali hili linaonekana dogo, lakini si dogo. Siku tisa zina vyakula vya mchana tisa tu. Akikosea chombo, hasara yake haitaishia kwenye nauli. Atapoteza milo aliyoifuata. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na mama huyu hakutunza fedha miaka mitatu ili akale miguu.

Tuanze na saa, maana saa ndiyo inayoamua chombo. Hispania chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane mpaka saa kumi alasiri. Cha usiku huanza saa tatu, na wengi huketi mezani saa nne. Katikati hapo, majiko mengi hufungwa. Mgeni anayeshuka stesheni saa kumi na moja jioni na njaa yake atapata kahawa na kitu kidogo cha kutafuna, lakini mlo kamili ataungoja.

Tena siku za kazi, mchana, mikahawa mingi hutoa kile wanachokiita menú del día. Kwa bei moja unapata chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji, na kitu kitamu au kahawa. Chakula kama hicho usiku utakilipia zaidi. Kwa hiyo anayekuwa njiani saa nane mchana hupoteza mara mbili: mlo mzuri umempita, na usiku atalipa zaidi.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza. Safari fupi ianze saa tatu au saa nne asubuhi na iishe kabla ya saa saba mchana, au ifanywe alasiri majiko yakiwa yamelala. Kanuni ya pili: mikahawa mingi hufungwa Jumapili usiku na Jumatatu. Basi safari ndefu zaidi iwekwe Jumatatu.

Sasa vyombo vyenyewe. Tuchukue treni kwanza. Hispania ilifungua reli yake ya kwanza ya mwendo wa kasi mwaka 1992, kati ya Madrid na Sevilla. Ile ya Madrid hadi Barcelona ilikamilika mwaka 2008, na ya Madrid hadi Valencia mwaka 2010. Kutoka Madrid hadi Barcelona ni zaidi ya kilomita 600, na treni huchukua karibu saa mbili na nusu. Hadi Valencia ni karibu saa mbili. Zamani shirika la serikali, Renfe, lilikuwa peke yake. Mwaka 2021 ikaingia kampuni ya Ouigo, na mwaka 2022 ikaingia Iryo, nazo zikaanza kushindana kwa nauli katika njia kubwa.

Linganisha na ndege. Madrid hadi Barcelona angani ni kama saa moja na robo. Lakini ongeza safari ya kwenda uwanjani, muda wa kungoja na kukaguliwa, kisha safari ya kutoka uwanjani hadi mjini. Utakuta saa nne zimekwisha. Treni inakuchukua katikati ya mji na kukushusha katikati ya mji, na mkoba wako wa jibini na mafuta ya zeituni uko juu ya kichwa chako. Ndege za nauli ndogo hutoza mizigo, na chupa ya mafuta kwa kawaida haipiti ndani ya mkoba wa mkononi.

Lakini treni ina masharti yake. Tiketi zake huuzwa kama za ndege: bei hupanda siku inapokaribia, na aliyechelewa hulipa mara mbili au tatu ya aliyewahi. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na mlango wa kuingilia hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka. Madrid nayo ina stesheni kubwa mbili, Atocha na Chamartín, na haziko karibu. Asome tiketi yake vizuri. Mtu aliyesimama Atocha na tiketi ya Chamartín ni sawa na aliyekuja kesho yake.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haisemi. Mstari wa reli kwenye karatasi ni mstari tu, lakini Hispania ina reli za upana wa namna tatu. Reli za zamani zina upana wa milimita 1,668. Nyingi kati ya zile za mwendo wa kasi zina milimita 1,435, sawa na reli yetu mpya iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na ile ya Mombasa hadi Nairobi ya mwaka 2017. Halafu kaskazini, pwani ya bahari ya Cantábrico, kuna reli nyembamba ya mita moja, sawasawa na reli yetu ya kati ya zamani. Sisi tuliosafiri kwa reli ya mita moja tunaijua. Inapinda kila kilima kinapopinda, na ina subira kuliko abiria wake.

Mfano ni huu. Bilbao na San Sebastián ni miji miwili mashuhuri kwa chakula, na kati yao ni kilomita kama 100. Treni ipo, lakini ni hiyo ya reli nyembamba, na huchukua karibu saa mbili na nusu. Basi hupita barabara kuu na kufika kwa saa moja na robo hivi. Aliyeambiwa "Hispania panda treni tu" atapita vijijini akitazama migomba ya wenyewe, mradi tu hakuna migomba, na wenzake wa basi watakuwa wameshamaliza sahani ya kwanza. Tena stesheni ya mabasi ya San Sebastián iko jirani na ile ya treni, na kutoka hapo hadi mji wa kale ni mwendo wa miguu wa dakika 15 hivi.

Kwa hiyo tusilidharau basi. Ni rahisi kwa nauli, na katika njia ambazo reli ya kasi haijafika, mara nyingi hufika mapema kama treni au kuishinda. Ila basi la usiku simshauri. Mtu huona ameokoa fedha ya kulala hotelini, lakini aliyekesha kitini hana ulimi wa kuonja kitu asubuhi. Wanaokumbuka treni za usiku zenye vitanda waelewe kuwa zile za ndani ya Hispania zilisimamishwa mwaka 2020.

Sasa gari, analolisifu mpwa. Gari lina mahali pake. Jimbo la Jaén, kusini, limefunikwa na mizeituni mpaka upeo wa macho, na Hispania ndiyo nchi inayotoa mafuta ya zeituni kwa wingi kuliko zote duniani. Viwanda vya kukamulia viko katika vijiji vya vilimani, na huko treni haiendi. Anayetaka kuviona akodi gari kwa siku moja au mbili, alichukue na kulirudisha mji uleule, maana kuliacha mji mwingine hutozwa zaidi.

Lakini kulikodi siku zote tisa ni kujitafutia mzigo. Mikahawa anayoitaka mama iko ndani ya miji ya kale, kwenye vichochoro ambavyo gari haliruhusiwi au haliwezi kupita. Sheria ya mwaka 2021 inaitaka miji yenye watu zaidi ya 50,000 iwe na maeneo yanayozuia magari yenye moshi mwingi. Maegesho hulipiwa, na gari hulipiwa hata likiwa limelala. Dereva anahitaji leseni ya kimataifa pamoja na ya kwao. Na kwa wanaotumia kileo, nchi yenye mvinyo kila meza si nchi ya kushika usukani baada ya mlo. Mali bila daftari huisha bila habari. Aandike kodi, bima, mafuta, maegesho na ushuru wa barabara, ndipo alinganishe na tiketi za treni. Wakiwa watu wanne wanaokwenda vijijini, gari linaweza kushinda. Mama peke yake, hapana.

Tena kuna jambo la majira. Zeituni huvunwa na kukamuliwa kuanzia kama Oktoba hadi Januari au Februari. Harusi ni Mei. Akienda Jaén wakati huo ataona miti na mashine zilizofungwa. Kwa safari hii hilo aliache, na gari liondoke pamoja nalo.

Basi ningemwambia hivi. Harusi ni Jumamosi. Jumapili apumzike Madrid na ndugu zake. Jumatatu, majiko mengi yakiwa yamefungwa, afanye safari ndefu ya kwenda San Sebastián, saa tano hadi sita kwa treni au basi, achague lenye nauli nafuu. Jumanne na Jumatano ale mji wa kale wa San Sebastián. Huko watu huzunguka baa hata baa wakila vitu vidogo juu ya mkate au kwenye kijiti, viitwavyo pintxos. Hapa kimoja, pale kimoja. Kuna kimoja kiitwacho gilda: zeituni, pilipili ndefu ya siki na dagaa wa chumvi kwenye kijiti. Mama wa samaki atakielewa mara moja. Asiyekunywa kileo aombe mosto, maji ya zabibu yasiyochachuka. Na asiyekula nguruwe aulize kabla, kila mahali, maana huko hata maharage na mboga hutiwa vipande vya nguruwe bila kutangazwa.

Alhamisi asubuhi basi la Bilbao, ale chakula cha mchana huko. Kutoka Bilbao hadi Valencia ni kilomita kama 600 kwa barabara, na hapo ndipo shoga wa ndege ana haki. Ndege ya alasiri, majiko yakiwa yamelala, na saa tatu usiku yuko mezani Valencia.

Ijumaa na Jumamosi asubuhi aende Mercado Central, soko kubwa lililofunguliwa mwaka 1928. Jumapili hufungwa, asijisahau. Huko atafute mchele uitwao bomba, unaokunywa mchuzi mwingi bila kupasuka. Mpishi wa pilau ataushika mkononi na kujua thamani yake. Jumapili apande basi la mjini hadi El Palmar, kijiji kilicho katikati ya mashamba ya mpunga ya Albufera. Hahitaji gari. Paella ya Valencia ni ya kuku na sungura na maharage mabichi, pamoja na zafarani. Ni chakula cha mchana, kwa kawaida hupikiwa watu wawili au zaidi, basi atafute mwenzake wa meza. Jumatatu, treni ya kasi ya asubuhi hadi Madrid, na jioni ndege ya nyumbani.

Barcelona je? Sikuiweka. Ni mji mzuri, lakini kila mji unaoongezwa huondoa nusu siku ya kula. Siku tisa hazitoshi kila kitu. Na aache nafasi ya dharura: tarehe 28 Aprili mwaka 2025 umeme ulikatika karibu Hispania nzima, na treni zikasimama na abiria ndani. Siku ya kurudi asipange treni ya dakika ya mwisho.

Jambo moja la mwisho, mama. Usiogope lugha. Zeituni wao wanaiita aceituna. Sukari ni azúcar. Zafarani ni azafrán. Maneno hayo wao na sisi tuliyapata kwa Waarabu, wao kwa njia yao, sisi kwa bahari yetu. Ukisimama sokoni Valencia ukayataja kwa Kiswahili, muuzaji huenda akageuka. Umwonyeshe unachotaka, uonje, uulize kinapikwaje. Na ukirudi salama utuandikie tena, utuambie mkahawani kumeongezeka sahani gani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.