Baraka ya Jioni: Urithi wa Wakatoliki wa Goa na Furaha ya Uzeeni

Katika vijiji vya Goa, kwenye pwani ya magharibi ya India, kengele ya kanisa hulia jioni kuwaita waamini kwenye sala ya Malaika wa Bwana. Kwa desturi ya familia za Kikatoliki za huko, kazi husimama, waliomo nyumbani hukusanyika mbele ya altare ndogo ya familia, na Rozari husaliwa. Sala ikiisha, watoto na wajukuu humwendea babu, bibi, baba na mama, mmoja baada ya mwingine, wakaomba besanv, yaani baraka. Mzee humwombea kila mmoja heri ya Mungu, na hapo ndipo jioni huhesabiwa kuwa imekamilika. Neno besanv lina asili ya Kireno, lakini tendo lenyewe halihitaji mkalimani kwa yeyote aliyelelewa katika shikamoo na marahaba.

Tunaanza na baraka hiyo kwa sababu inajibu swali linalozikabili familia nyingi katika parokia zetu: je, mzee ana kazi gani? Kila mwaka, Dominika ya nne ya mwezi Julai, Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na Papa Fransisko mwaka 2021 na kuwekwa karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26 Julai. Siku hiyo twawapelekea wazee zawadi, twawapiga picha, kisha twarudi katika shughuli zetu. Twawalipia dawa na kuwaletea Komunyo Takatifu nyumbani, na hayo yote ni wajibu mtakatifu. Hata hivyo, mtu anayepokea tu, asiombwe kitu na yeyote, huanza kujiona mzigo. Wakatoliki wa Goa wanatukumbusha kwamba furaha ya uzeeni hustawi pale mzee anapokuwa na cha kutoa, na penye mtu wa kukipokea.

Urithi uliopita katika majaribu

Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika huko tarehe 6 Mei 1542, akiwa amepitia Msumbiji na Malindi katika safari yake, na masalia yake yangali yamehifadhiwa katika Basilika ya Bom Jesus, Old Goa. Kwa miaka mingi mamlaka ya Askofu wa Goa yaliufikia hata mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Utawala wa Wareno ulikoma Desemba 1961, na mwaka 1987 Goa ikawa jimbo kamili la India.

Ukaribu huo umeacha alama hata katika lugha. Wagoa husema Kikonkani, na kama Kiswahili, lugha hiyo ilichota maneno kutoka kwa Wareno. Sisi husema meza, wao husema mez. Sisi husema padri, na wao vilevile. Kanisa kwao ni igorz, kutokana na neno lile lile la Kireno ambalo kwetu lilizaa gereza, ingawa maana zilikwenda njia mbalimbali.

Ukweli unatutaka tukiri kwamba historia hiyo ina majeraha. Baraza la Inkwizisyo lilianzishwa Goa mwaka 1560, likadumu hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Katika kipindi hicho mila nyingi za wenyeji zilipigwa marufuku, na Kikonkani chenyewe kikabanwa. Kilichosalia kilitunzwa kwa sehemu kubwa nyumbani: jikoni, kwenye vitanda vya watoto, katika nyimbo za arusi. Walezi wake walikuwa mababu na mabibi waliowasimulia wajukuu, na wajukuu nao wakawa wazee. Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike (2 Tim 1:5). Ndivyo imani na utamaduni vinavyosafiri, kutoka mkono hadi mkono.

Baraza la nyumba na utulivu wa moyo

Nyumba ya zamani ya Kigoa huwa na balcão, yaani ukumbi mdogo wa mbele wenye viti vya kujengewa pande zote mbili za mlango. Mtu wa Pwani ataitambua mara moja: ni baraza. Jioni mzee huketi hapo, akawasalimu wapitao, akauliza habari za mgonjwa, akapata za msiba na za mtoto aliyezaliwa. Anajua nani hakuonekana Misani na kwa nini. Mtu aliyeketi pale hajatengwa na kijiji, kwa kuwa kijiji kizima hupita mbele yake.

Kuna neno moja la Kigoa linalojulikana sana, nalo ni susegad, kutoka neno la Kireno lenye maana ya aliyetulia. Wageni hulichukua kuwa sifa ya uvivu, wala hawalitendei haki. Wagoa wamekuwa mabaharia, walimu, mafundi cherehani na wanamuziki katika nchi nyingi, na watu wavivu hawafiki huko. Susegad ni kuyapokea maisha kwa kipimo chake: kufanya kazi wakati wa kazi, kupumzika joto la mchana linapozidi, kula pamoja bila haraka, na kuukaribisha ugeni kama neema. Ni hekima inayomfaa hasa mzee. Mwili unapopunguza mwendo, roho hupata nafasi ya kuona kile ambacho haraka ya ujana ilikipita.

Papa Fransisko aliitafakari hekima ya namna hiyo katika katekesi zake kuhusu uzee, alizozitoa kuanzia Februari hadi Agosti 2022. Kabla yake, Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wazee barua mwaka 1999, akiwa yeye mwenyewe na umri wa miaka 79 na afya iliyokuwa ikidhoofika. Hakuna kati yao aliyeupamba uzee kwa maneno matupu. Maumivu ya viungo yapo, usahaulifu upo, na kuwazika wenzi na marafiki ni msalaba mzito. Furaha tunayoizungumzia hapa huishi pamoja na hayo.

Sauti, tui na tabaka za bebinca

Hebu tutazame vitu ambavyo mzee wa Kigoa huvitoa.

Kwanza ni sauti. Shule za parokia za Goa zilifundisha kuimba kwa noti na kupiga fidla kwa vizazi vingi. Kutokana nazo ilikua desturi ya ladainha, yaani litania inayoimbwa kwa sauti zinazopatana mbele ya msalaba wa mtaa au altare ya nyumbani, mara nyingi kwa Kilatini na kwa kusindikizwa na fidla. Baada ya sala, majirani hugawiwa dengu za kuchemsha na kinywaji kidogo, wakabaki wakizungumza. Wanaozijua sauti hizo kwa moyo ni wazee, na kijana anayetaka kujifunza hana budi kusimama kando yao. Hata katika muziki wa kawaida Wagoa wameonja jambo hilo: mwimbaji wao mashuhuri Lorna alinyamaza kwa zaidi ya miaka 20, kisha akarudi jukwaani mwaka 1995, akapokewa kwa shangwe na waliomkumbuka pamoja na waliokuwa wamesimuliwa tu habari zake na wazazi wao.

Pili ni baraka ya mikono. Kabla ya arusi hufanyika ros: bibi arusi na bwana arusi, kila mmoja nyumbani kwao, hupakwa tui la nazi na wazazi, wasimamizi wa ubatizo na wazee wa ukoo, huku nyimbo za Kikonkani zikiimbwa. Ni kuagwa kwa maisha ya ujana na kuombewa heri ya ndoa. Nasi tunaoishi kwa nazi twaelewa uzito wa kitu cha kila siku kinapogeuka kuwa ishara.

Tatu ni subira ya jikoni. Wakati wa Noeli na sherehe kubwa hupikwa bebinca, kitamu cha tui la nazi, viini vya mayai, sukari, unga na samli. Kwa desturi huwa na tabaka 7 au zaidi. Tabaka la kwanza humiminwa, likapikwa kwa moto wa juu mpaka likaiva na kupata rangi. Ndipo humiminwa la pili juu yake, na kadhalika hadi mwisho. Hakuna njia ya mkato, kwa maana ukimimina la juu kabla la chini halijaiva, vyote huchanganyika. Bibi anayeipika pamoja na mjukuu anamfundisha zaidi ya upishi. Na vitamu vya Noeli vikiwa tayari, sahani hupelekwa kwa majirani, Wakristo na Wahindu, kwa kuwa furaha isiyovuka ua ni pungufu.

Bibi wa Yesu na matango ya Talaulim

Katika kijiji cha Talaulim lipo kanisa kubwa la Mtakatifu Anna, lililokamilika mwaka 1695. Masimulizi ya kijiji yanamtaja mama mzee mwenye kofia na fimbo aliyeonekana akishuka kilimani, akasema anataka kukaa mahali pale. Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Anna inapowadia mwishoni mwa Julai, watu huja na matango, na hivyo huitwa Sikukuu ya Matango. Wenzi waliokosa mtoto huyatoa wakimwomba bibi wa Yesu awaombee kwa Mungu, na miongoni mwao huwamo pia wasio Wakristo.

Ni picha yenye mafundisho. Wanaotafuta uhai mpya wanakimbilia kwa mwanamke mzee. Injili nayo hufanya vivyo hivyo: Mtoto Yesu alipoletwa Hekaluni, waliomtambua walikuwa Simeoni na nabii Anna, mjane wa miaka 84 (Lk 2:25-38). Vijana wengi walikuwamo Yerusalemu siku ile, lakini macho yaliyokuwa yamengoja kwa muda mrefu ndiyo yaliyoona.

Nyumba zilizofungwa

Hata hivyo, urithi huu uko hatarini, na hatari hiyo yatuhusu nasi. Vijana wengi wa Goa wamekwenda kutafuta maisha Ghuba, Uingereza na Ureno. Katika vijiji vingi zimo nyumba nzuri zilizofungwa kwa kufuli, na nyingine ambamo mzee amebaki peke yake. Fedha humfikia, simu hulia, lakini jioni ikiingia hakuna wa kumwomba besanv.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona hadithi hiyo katika ardhi yetu. Tangu karne ya 19 Wagoa walifika Zanzibar, wakawa makarani, wapishi, washonaji, wapiga picha na wanamuziki, hata katika bendi ya Sultani. Baadaye walienea Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, wakajaza makanisa, kwaya na shule. Kenya ilimpata kwao mpigania uhuru Pio Gama Pinto, na vilevile Joseph Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, wengi walihama. Leo, katika miji kama London na Toronto, wazee waliozaliwa au kukulia kwetu hukutana kusali, kucheza karata na dansi, kupika vyakula vya kwao, na wengine wangali wakitaniana kwa Kiswahili. Walipoteza nchi mbili, wakagundua kwamba wazee wenyewe wanaweza kuwa nyumba ya wenzao.

Nasi tufanye nini?

Vijana wetu nao wanakwenda mijini na ng'ambo, na mabibi wetu wanabaki na kufuli. Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji bajeti.

Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue wazee wake kwa majina, na ijue kila mmoja anaweza kutoa nini: wimbo wa zamani, historia ya kigango, dawa ya mapishi, au saa moja ya kuwaombea wengine kila siku. Kisha iwaombe wakitoe. Wanakwaya wawafuate wazee kwa ajili ya nyimbo ambazo hazijaandikwa, wazirekodi kabla hazijazikwa. Katekista awaalike mara kwa mara mbele ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, wasimulie walivyosali nyakati za shida. Jumuiya ihamie barazani kwa mzee asiyeweza kutembea, ili kijiji kipite mbele yake. Na wazazi wawafundishe watoto kuomba baraka kila jioni. Aliye mbali aiombe kwa simu.

Kwa ninyi wazee wetu tunasema: msingoje kuaga dunia ndipo mgawe urithi. Fundisheni, imbeni, chekeni, pumzikeni bila kuona haya, na mbariki. Mungu hajawastaafisha katika wito wenu.

Wakatoliki wa Goa wanaposhukuru husema Dev borem korum, yaani Mungu atende mema. Shukrani hiyo haimlipi mtu, humkabidhi kwa Mungu. Iwe ndiyo shukrani yetu kwa wote walioinua mikono juu ya vichwa vyetu tulipokuwa watoto, na leo jioni, kabla taa hazijazimwa, twende tukawaombe waiinue tena.